Kuachana na Wakala na Kuisimamia Mwenyewe Nyumba ya Kupangisha

Nyumba iliyo chini ya wakala ina mikataba miwili, na wenye nyumba wengi wanaoamua kujisimamia hukwama kwa sababu wanaichanganya. Wa kwanza ni mkataba wa uwakala, kati yako na wakala. Wa pili ni mkataba wa upangaji, kati yako na mpangaji, hata kama wakala ndiye aliyeuandaa, akausaini kwa niaba yako na kupokea kodi ya pango kila mwezi. Ukimwondoa wakala unavunja wa kwanza tu. Wa pili unaendelea vilevile: kodi ileile, muda uleule, amana ileile. Mpangaji hahitaji kusaini chochote kipya, na ukimlazimisha asaini unaweza kuanzisha kipindi kipya cha upangaji ambacho hukukikusudia.

Barua ya kumwachisha wakala ni ya ukurasa mmoja. Kazi kubwa ni kuhamisha pesa, karatasi na funguo bila kimoja kupotelea njiani, na kazi hiyo huanza wiki kadhaa kabla wakala hajajua kitu.

Soma mkataba wa uwakala kuanzia nyuma

Ukurasa wa mbele huwa na ada na saini. Masharti ya kutoka huwa mwishoni, kwenye "masharti ya jumla", mara nyingi kwa herufi ndogo. Anza kwa kujua wakala anakufanyia nini hasa. Wapo wanaotafuta mpangaji tu na kuondoka, wapo wanaokusanya kodi bila kushughulika na matengenezo, na wapo wanaosimamia kila kitu. Wa aina ya kwanza huenda huna haja hata ya kumpa notisi, kwa kuwa kazi yake iliisha siku mpangaji alipohamia. Soma hivyohivyo, maana anaweza kuwa bado anadai kamisheni kila upangaji unapoongezwa muda.

Kisha tafuta muda wa chini. Mikataba mingi ina kipindi cha kwanza ambacho huruhusiwi kutoka, kwa kawaida miezi 6 au 12, na baada ya hapo kila upande unaweza kutoa notisi ya mwezi mmoja hadi mitatu. Angalia kama notisi inaweza kutolewa ndani ya kipindi hicho ili iishe pamoja nacho, au hadi kipite kwanza. Tofauti ya maneno hayo machache ni ada ya miezi kadhaa. Mikataba mingine hujihuisha yenyewe kwa mwaka mzima usipotoa taarifa ndani ya dirisha fulani, mathalani siku 60 kabla ya mwisho. Dirisha hilo likikupita, kilichobaki ni maelewano.

Kifungu kinachouma kuliko vyote ni kile kinachomfanya wakala aendelee kulipwa maadamu mpangaji "aliyeletwa na wakala" bado yumo ndani, awe anasimamia au hasimamii. Hicho kikiwemo, kuvunja mkataba hakukuokolei kitu mpaka mpangaji ahame. Usikate tamaa mapema, lakini. Nchi nyingi zina sheria za kumlinda mlaji dhidi ya masharti kandamizi yaliyofichwa, na mwenye nyumba mmoja mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mlaji. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya England, katika shauri lililoihusu kampuni ya uwakala ya Foxtons, iliona kuwa masharti ya kamisheni za kuhuisha upangaji yalikuwa kandamizi, sababu mojawapo ikiwa kwamba hayakuwekwa wazi kwa mwenye nyumba wa kawaida. Hoja ya kujibebea hata nje ya England ni hii: je, sharti hili lilionyeshwa waziwazi, au lilizikwa ukurasa wa nane? Mwanasheria wa kwenu atakuambia kama linasimama.

Kabla hujaiweka mikataba pembeni, angalia jambo moja zaidi ambalo wengi hawalioni: nani ametajwa kuwa mwenye nyumba kwenye mkataba wa mpangaji. Kukiwa na jina lako, au "wakala kwa niaba ya" wewe, mambo ni mepesi. Kukiwa na jina la wakala peke yake, huenda mlipatana akuhakikishie kodi kila mwezi naye apangishe kwa wengine. Hapo wakala ni mpangaji wako, na anayeishi ndani ni mpangaji wake. Mwongozo huu hautoshi kwa hali hiyo. Itabidi mkubaliane kwa maandishi jinsi mpangaji wa ndani atakavyohamishiwa kwako, na mwanasheria apitie kabla hujatoa notisi yoyote.

Piga hesabu kwanza, hasira baadaye

Chukua nyumba ya kodi 1,000 kwa mwezi na ada ya usimamizi ya asilimia 10. Ada ni 100 kwa mwezi, 1,200 kwa mwaka. Ongeza yasiyoonekana haraka: ada ya kuhuisha upangaji, ada ya ukaguzi, na nyongeza juu ya bili za mafundi. Fundi akidai 200 na taarifa yako ikaonyesha 230, hiyo 30 ni ya wakala. Inawezekana mkataba unamruhusu, inawezekana haumruhusu. Pitia taarifa za miezi 12 ujumlishe yote, kwa sababu ada halisi huwa kubwa kuliko asilimia iliyoandikwa mbele.

Upande wa pili weka gharama ya kutoka. Faini ya kodi ya miezi miwili ni 2,000, na kwa kuokoa 100 kila mwezi utairudisha baada ya miezi 20. Kama upangaji umebakiza miezi minne na muda wa chini wa wakala unaisha wakati huohuo, kungoja ni busara kuliko kulipa faini ili kujiridhisha. Kama kamisheni inamfuata mpangaji kwa mwaka mzima, asilimia 8 kwa mfano, deni ni 960. Mpe wakala mkupuo wa 300 au 400 ili afute madai yote ya sasa na ya baadaye. Wengi hukubali, maana pesa ya mkononi inashinda deni la kugombania. Ila makubaliano hayo yaandikwe, yataje nyumba na mpangaji, na yaseme wazi kuwa hakuna kamisheni nyingine itakayodaiwa, ikiwemo ile ya kuuza nyumba kwa mpangaji huyohuyo. Hii ya mwisho husahauliwa mno.

Akiwa ni wakala aliyekiuka mkataba, hasa anayekaa na kodi yako, njia ni nyingine. Mwandikie kwanza ukitaja kosa na siku za kurekebisha, kwa kawaida 7 hadi 14, kisha umwandikie ya kusitisha kwa sababu ya ukiukaji. Ukiruka hatua ya kwanza unampa nafasi ya kudai kuwa wewe ndiye uliyevunja. Lakini kodi inapoendelea kupotea usingoje siku hizo kwa upande wa pesa. Kwa kawaida unaweza kumwondolea wakala mamlaka ya kupokea kodi wakati wowote, hata kama mkataba wake haujaisha. Kitakachozuka hapo ni ubishi wa ada tu, na ubishi wa ada ya asilimia 10 ni mdogo kuliko kupoteza kodi nzima.

Karatasi ziwe mkononi kabla ya notisi

Wakala aliyepewa notisi huwa hana haraka tena ya kujibu barua zako. Hilo si lazima liwe ubaya. Umeshuka tu kwenye orodha yake ya kazi. Kwa hiyo omba nakala ukiwa bado mteja mwema. Sababu ya kweli ipo daima: unaandaa hesabu za mwaka.

Muhimu kuliko zote ni mkataba wa upangaji wenye saini za pande zote, pamoja na nyongeza zake. Rasimu isiyo na saini haitakusaidia mbele ya baraza wala mahakama. Inayofuata ni taarifa ya hali ya nyumba siku mpangaji alipoingia, ikiwa na picha zenye tarehe na saini yake, kwa maana bila hiyo ni vigumu kukata hata senti kwenye amana. Kisha daftari la kodi linaloonyesha kila malipo: tarehe iliyotakiwa, tarehe iliyolipwa, kiasi na salio. Taarifa ya wakala ya kila mwezi siyo daftari hilo. Yenyewe inaonyesha alichokutumia wewe, na malimbikizo ya mpangaji yanaweza kujificha humo kwa mwaka mzima.

Ongeza stakabadhi ya amana, hati ya mdhamini kama yupo, vyeti vya usalama wa umeme na gesi vyenye tarehe za kuisha, dhamana za vifaa kama hita ya maji na jiko, orodha ya matengenezo ambayo hayajakamilika, na mawasiliano yote ya maandishi kuhusu malalamiko ya mpangaji. Hayo ya mwisho yanapuuzwa. Mpangaji aliyelalamikia unyevu ukutani miezi sita iliyopita atahesabu miezi hiyo sita dhidi yako, wala haitakuwa utetezi kwamba barua zilikuwa kwa wakala.

Wakati huohuo mpigie wa bima na wa benki iliyokukopesha, kama nyumba ina mkopo. Baadhi ya bima, hasa za kufidia kodi isiyolipwa, hutolewa kwa sharti kwamba nyumba inasimamiwa na wakala au mpangaji alichunguzwa kwa utaratibu fulani. Uliza, upate jibu kwa maandishi. Unayeishi nje ya nchi ilipo nyumba una la ziada: huenda wakala ndiye aliyekuwa akikata kodi ya mapato na kuiwasilisha. Uingereza ina utaratibu kama huo kwa wenye nyumba waishio ng'ambo. Wakala akiondoka, wajibu wa kukata unaweza kumwangukia mpangaji, hadi mamlaka ya kodi ikuruhusu kupokea kodi ya pango bila makato. Mpangaji anayejikuta na kazi ya kukokotoa kodi ya mapato ya mwenye nyumba hatakushukuru.

Tarehe na barua

Tarehe ya notisi huhesabiwa tangu ilipofika, na mikataba mingi husema barua ya posta itahesabiwa kuwa imefika siku mbili za kazi baada ya kutumwa. Sasa tazama jinsi siku chache zinavyogharimu. Mkataba unataka notisi ya miezi miwili inayoishia mwisho wa mwezi wa kodi. Notisi ikifika tarehe 30 Mei, miezi miwili inatimia 30 Julai, na unatoka tarehe 31 Julai. Ikifika tarehe 3 Juni, miezi miwili inatimia 3 Agosti, kwa hiyo utangoja hadi 31 Agosti. Siku nne zimekula ada ya mwezi mzima.

Tumia njia ya kupeleka iliyotajwa kwenye mkataba, hata kama mnaongea na wakala kwa ujumbe wa simu kila siku. Mkataba ukisema barua ya rejista, peleka kwa rejista, kisha utume nakala kwa barua pepe. Ukiipeleka ofisini kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na kuandikwa tarehe. Wamiliki wakiwa wawili, wote wasaini.

Mfano wa barua inayotosha:

*Ndugu Meneja,*

*YAH: NOTISI YA KUSITISHA MKATABA WA UWAKALA, NYUMBA ILIYOPO [anwani]*

*Ninatoa notisi ya kusitisha mkataba wa uwakala tuliousaini tarehe [ ], kwa mujibu wa kifungu cha [ ]. Mkataba utakoma tarehe [ ], au, iwapo tarehe hiyo hailingani na mkataba, tarehe ya karibu zaidi inayoruhusiwa na mkataba.*

*Kuanzia siku hiyo hutakuwa na mamlaka ya kupokea kodi, kuagiza matengenezo au kusaini chochote kwa niaba yangu. Kabla ya hapo, tafadhali usihuishe upangaji uliopo wala kuidhinisha matengenezo ya zaidi ya [kiasi] bila idhini yangu ya maandishi, isipokuwa ya dharura.*

*Siku ya mwisho naomba nikabidhiwe funguo zote, jalada zima la upangaji, amana ya mpangaji kiasi cha [ ], taarifa ya mwisho ya mahesabu pamoja na ankara halisi za mafundi, na akiba yoyote ya matengenezo unayonishikia.*

*Tafadhali thibitisha kwa maandishi ndani ya siku 7 kuwa umeipokea notisi hii, ukitaja tarehe ya mwisho unayoitambua na kiasi chochote unachodai, pamoja na kifungu kinachokupa haki ya kukidai.*

Maneno "au, iwapo tarehe hiyo hailingani" yanaiokoa notisi ukikosea hesabu ya siku. Sentensi ya kuzuia uhuishaji nayo ina sababu: wakala mwenye miezi miwili mkononi anaweza kumwongezea mpangaji mwaka mmoja na kujipatia kamisheni safi, na wewe ukafungwa. Malalamiko yako kuhusu huduma yaache nje ya barua hii. Ukiyaweka, mtajibizana kuhusu malalamiko na tarehe itasahaulika.

Amana

Amana si ya wakala na si yako. Ni pesa ya mpangaji inayoshikwa, na ndiyo inayozua kesi nyingi kuliko jambo lolote katika kuhama huku. Jua kwanza ilipo. Inaweza kuwa kwenye akaunti ya wateja ya wakala, kwenye mfuko rasmi wa kuhifadhi amana pale sheria inapoutaka, au uliwahi kukabidhiwa wewe ukasahau.

Ikiwa iko kwa wakala, itumwe kwako kwa muamala wake peke yake, wenye maelezo "amana" na anwani ya nyumba. Isichanganywe na kodi ya mwezi wa mwisho, na wakala asikate ada zake humo hata mkibishana. Iweke kwenye akaunti isiyo ya matumizi yako, halafu mwandikie mpangaji: kiasi ni hiki, kinashikiliwa na mimi tangu tarehe hii, na masharti ya kurudisha hayajabadilika.

Ikiwa iko kwenye mfuko rasmi, tazama imesajiliwa kwa jina la nani. Iliyosajiliwa chini ya uanachama wa wakala inaweza kukosa ulinzi anapoifunga akaunti, kwa hiyo panga usajili mpya uwe tayari kabla ule wa zamani haujafungwa. Huko England na Wales amana za upangaji wa kawaida lazima zilindwe, na mpangaji apewe taarifa zinazotakiwa, ndani ya siku 30 tangu ilipopokelewa. Anayeshindwa anaweza kuamriwa na mahakama alipe kati ya mara moja na mara tatu ya amana. Wenye nyumba wengi hawajui kuwa adhabu hiyo huwafikia wao hata pale uzembe ulipokuwa wa wakala.

Na ikigundulika wakala ameitumia? Kwa kawaida mpangaji atakudai wewe, kwa kuwa wakala aliipokea kwa niaba yako. Utamlipa mpangaji wakati ukifika, nawe utamfuata wakala kwa bima yake, chama chake cha kitaaluma, mamlaka inayompa leseni, au polisi. Nambari za leseni na bima hizo zichukue mapema, wakati bado anajibu simu.

Kodi ya mwezi wa mpito

Ujumbe unaosema "kuanzia sasa lipa kwenye akaunti hii mpya" ndio ule ule wanaoutuma matapeli. Mpangaji mwenye akili ataukataa, na yuko sahihi. Kwa hiyo taarifa imfikie kutoka pande mbili: barua ya wakala, kupitia njia ambayo mpangaji ameizoea, na barua yako yenye saini. Kisha mpigie au mtembelee mthibitishe tarakimu za akaunti kwa mdomo. Wakala akigoma kuandika, mwonyeshe mpangaji nakala ya notisi na hati ya umiliki inayolingana na jina lililo kwenye mkataba wake.

Barua yako imweleze siku ya mwisho ya wakala, malipo ya kwanza yatakayokuja kwako, akaunti, simu ya dharura, simu ya kawaida, na anwani ya kupelekea notisi. Anwani siyo urembo. Huko England, kifungu cha 48 cha sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 1987 kinataka mpangaji apewe anwani ya mwenye nyumba iliyo ndani ya England au Wales, na kabla ya hapo kodi haihesabiki kuwa inadaiwa. Kwingineko sheria ni tofauti, lakini mpangaji asiyejua pa kupeleka barua ana kisingizio popote.

Mpe wiki tatu hadi nne, kwa sababu agizo la kudumu la benki huchukua siku kadhaa kubadilishwa na watu husahau. Gawanyo lifuate tarehe ambayo kodi inatakiwa kulipwa, si tarehe ilipolipwa. Wakala akitoka tarehe 31 Julai, kodi ya 1 Agosti ni yako nzima hata kama mpangaji aliilipa mapema tarehe 28 Julai kwenye akaunti ya zamani. Na kodi ya Julai iliyochelewa hadi Agosti bado ina ada ya wakala ndani yake. Mkubaliane hivyo kwa maandishi kabla. Mwezi wa kwanza kodi ikienda kwa wakala kwa bahati mbaya, usimtake mpangaji alipe tena. Amelipa. Mdai wakala aihamishe ndani ya siku chache bila makato.

Siku ya makabidhiano

Funguo zihesabiwe kwa aina: mlango mkubwa, wa nyuma, geti, sanduku la barua, stoo, vifungua geti vya rimoti, kadi, namba za siri za kengele. Zijaribu mlangoni, usiridhike kuzihesabu mezani kwa wakala. Nakala zilizochongwa vibaya huingia vizuri na kukataa kuzunguka. Kufuli la kisasa linalofunguliwa kwa simu lina mtego wake. Usibadilishe nywila tu, ondoa kabisa akaunti ya wakala kuwa msimamizi, la sivyo anaweza kujirudishia njia.

Kagua nyumba siku hiyo au karibu yake, kwa kumwarifu mpangaji angalau saa 24 kabla, au zaidi kama mkataba wake unasema hivyo. Kusudi ni kujua unapokea nini. Piga picha za mita za maji, umeme na gesi zikionyesha tarakimu na namba ya mita, linganisha vyumba na taarifa ya siku ya kuingia, na muulize mpangaji swali moja la wazi: kuna kitu ulichoripoti ambacho hakijatengenezwa? Jibu lake liandike mbele yake.

Taarifa ya mwisho ya mahesabu ndiyo inayohitaji utulivu. Usiikague peke yake. Ilinganishe na benki kwa mwaka mzima. Kwa nyumba yetu ya mfano: kodi 12 ni 12,000, toa ada 1,200, toa ankara za mafundi 640, ulitakiwa kupokea 10,160. Benki inasema ulipokea 9,860. Hiyo 300 iko wapi? Mara nyingi ni akiba ya matengenezo ambayo wakala aliikata kwenye kodi ya mwezi wa kwanza ili awe na pesa ya kuanzia. Haionekani tena kwenye taarifa za baadaye, na isipodaiwa hairudi. Omba pia ankara yenyewe ya kila fundi, maana mstari wa "mabomba, 180" haukuambii kilichobadilishwa wala kama kina dhamana.

Miezi mitatu ya kwanza

Fungua akaunti ya benki ya nyumba peke yake na laini ya simu ya wapangaji peke yake. Anza daftari la kodi kwa salio lililothibitishwa na mpangaji kwa maandishi, si salio la wakala tu. Kwenye kalenda weka tarehe za kuisha kwa vyeti, bima na upangaji, kila moja ikiwa na ukumbusho wa siku 60 kabla. Tenga akiba ya matengenezo isiyopungua kodi ya mwezi mmoja. Hita ya maji haisubiri mshahara wako.

Mafundi wapate kabla ya kuwahitaji, wawili kwa kila kazi: bomba, umeme, kufuli, paa. Mafundi wa wakala wanaweza kukubali kufanya kazi nawe moja kwa moja, na wanaijua nyumba. Angalia tu kama mkataba uliokwisha haukukataza. Mpangaji mwambie dharura ni nini na nini si dharura. Maji yanayomwagika, umeme unaocheza, harufu ya gesi na mlango usiofunga ni vya saa hiyohiyo hadi saa 24. Choo kinachovuja kidogo au jiko lenye plate moja mbovu ni vya siku chache. Bawaba inayolia inaweza kungoja wiki mbili. Maombi yote yaje kwa maandishi yenye picha, hata mkishaongea kwa simu.

Kodi ikichelewa, wakala alikuwa na faida moja ambayo wewe huna: hakuwa na aibu. Jiwekee utaratibu usiotegemea moyo wako. Siku moja baada ya tarehe angalia akaunti, siku ya tatu tuma ujumbe mfupi wa ukumbusho, siku ya saba barua inayotaja kiasi na mkataba, siku ya kumi na nne kaeni na kuandika mpango wa kulipa. Usiikatie nyumba maji wala umeme na usibadilishe kufuli. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai, na humgeuza mdaiwa kuwa mdai. Nakala za vitambulisho na taarifa za mshahara ulizorithi kwenye jalada zitunze pasipofikika na kila mtu, kwa sababu sheria ya taarifa binafsi sasa inakutazama wewe.

Baada ya miezi kadhaa ankara ya wakala inaweza kuingia: kamisheni ya kuhuisha, kwa vile mpangaji wako bado yumo. Usilipe kwa hofu na usiinyamazie. Jibu ndani ya wiki moja ukimtaka ataje kifungu, tarehe na hesabu, uambatanishe makubaliano ya kufuta madai au jibu lake kwa notisi, lile ulilomtaka ataje kila anachodai. Asipotaja kifungu, mwandikie kwamba unalipinga deni hilo na sababu zake, kisha hifadhi barua hiyo pamoja na jalada la upangaji. Akitaja kifungu ambacho kweli kipo, mpelekee mwanasheria mkataba mzima kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa malipo ya kwanza yanaweza kuchukuliwa kuwa umekubali yanayofuata.